Tuwafundishe Watoto Kuchora kwa Maagizo

Mwaka jana, wakati wa mazoezi ya kufundisha, nilikaa nyuma ya darasa la tano katika shule moja ya msingi iliyomo kata ya Bagara, mjini Babati, nikimtazama mwanachuo wetu akifundisha pembetatu. Andalio lake la somo lilikuwa safi, sauti yake ilifika hadi dawati la mwisho, na ubaoni alikuwa ametundika karatasi kubwa ya manila yenye pembetatu pande sawa, kila pembe ikiwa imeandikwa nyuzi 60. Picha hiyo aliipata katika simu yake, akaipeleka kwenye duka la kuchapisha mjini, nayo ikakuzwa na kuchapwa vipande vipande, akavibandika juu ya manila. Kwa mbali ilipendeza. Kwa karibu kingo zake zilikuwa na vijingazi, kama ukuta uliojengwa na fundi mwanagenzi.

Mwanachuo akamwita msichana mmoja aje kuhakikisha vipimo. Msichana akachukua kipimapembe cha mbao, akakiweka kwenye pembe ya kushoto, akasoma 45. Akahamia ya kulia, akasoma 45. Akapima ya juu, akasoma 90. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, si sitini." Mwanachuo akaitazama picha, akakitazama kipimapembe, akatabasamu, akamjibu, "Picha haipimwi. Soma kilichoandikwa." Msichana akarudi mahali pake na somo likaendelea hadi kengele.

Jibu lile limenikaa moyoni tangu siku hiyo. Msichana hakukosea hata kidogo. Hesabu zake tatu zilijumlika kuwa 180, na hiyo ndiyo hakikisho kwamba mkono wake ulikuwa imara. Aliyekosea ni picha. Pembetatu pande sawa yenye kitako cha sentimita 60 yapasa kuwa na kimo cha sentimita 52 hivi. Ile ya manila ilikuwa na kimo cha sentimita 30, kwa sababu dukani waliibana ili itoshe karatasi. Basi mtoto aliyeona ukweli kwa macho yake na kuushika kwa mikono yake aliambiwa na mwalimu wake auache, ayafuate maandishi.

Nilipomwuliza mwanachuo kwa nini hakuichora pembetatu yeye mwenyewe, alinijibu kwa unyenyekevu, "Mwalimu, mimi kuchora sikujaliwa." Ni jibu ambalo nimelisikia kwa wanachuo wengi, na nadhani hata wewe, ndugu msomaji, umepata kulitoa. Tunaamini kwamba kuchora ni kipaji, kwamba wako waliozaliwa na mkono wa kuchora na wako waliozaliwa bila huo, na kwamba asiyejaliwa hana budi kuazima picha za wengine. Imani hiyo ndiyo ninayotaka kuipinga katika makala haya. Maumbo ambayo mwalimu wa shule ya msingi huyahitaji kila siku, yaani pembetatu, mstatili, duara, mhimili wa namba, ramani ya kijiji, bendera, uso wa saa, hayahitaji kipaji. Yanahitaji maagizo yaliyo sahihi. Na mtu awezaye kuandika maagizo sahihi aweza kuyatekeleza kwa kijiti mchangani, kwa rula na bikari ubaoni, au kwa kompyuta. Maoni yangu ni kwamba kila mwanachuo afundishwe ustadi huu kabla hajakabidhiwa darasa, na kwamba aanze mchangani.

Yafaa kwanza tutofautishe picha za aina mbili. Picha ya simu ni kama mkeka: imesukwa kwa vijisehemu vidogo vya rangi viitwavyo pikseli, na ukiuvuta mkeka huo uwe mkubwa, kila kijisehemu huwa kipande kinachoonekana. Hapo ndipo vijingazi vinapotokea. Aina ya pili huitwa mchoro wa vekta. Huo si mkeka bali ni barua. Ndani yake hamna rangi zilizopangwa, mna maagizo tu: anzia hapa, nenda pale, kisha pale, funga, jaza kijani. Kila mara unapoufungua, mashine huisoma barua na kuuchora upya, kwa ukubwa wowote utakao, na kingo hubaki safi. Sitaki kumdanganya mtu: hata mchoro wa vekta waweza kubanwa ukapotoka. Lakini anayetilia shaka aweza kuifungua barua na kusoma namba, akakuta 30 mahali palipopasa kuwa 52. Katika mkeka wa pikseli hamna cha kusoma.

Sasa twende uwanjani.

Mwaka 1967, katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani, Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon walitunga lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, wakaiita Logo. Papert alikuwa mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini, wa mwaka 1928. Baadaye lugha hiyo ikapewa kobe: kwanza mashine ndogo yenye magurudumu iliyotambaa sakafuni ikiburuta kalamu, kisha alama ndogo kwenye kioo cha kompyuta. Mtoto humwambia kobe aende mbele hatua kadhaa, au ageuke nyuzi kadhaa, na njia aliyopita hubaki kuwa mstari. Amri ni chache mno, nazo zatosha kuchora karibu umbo lolote la shule ya msingi. Jambo alilolisisitiza Papert ni kwamba mtoto ayajue maumbo kwa mwili wake mwenyewe: asipojua kobe afanye nini, na asimame, atembee, ajitazame anavyotembea.

Kwa hiyo hatuhitaji kusubiri kompyuta. Kobe wetu ni mwanafunzi, kalamu yake ni kopo la majivu lililotobolewa kitako, na kioo chetu ni uwanja wa shule. Nimelifanya zoezi hili Bagara, asubuhi, Mlima Kwaraa ukitutazama, nami sijaona somo la maumbo lililoleta ubishi mtamu kuliko hilo. Watoto huwekwa wawili wawili, mmoja akiwa kobe na mwingine akiamuru. Sharti ni moja: kobe hafikiri. Akiambiwa "nenda" bila idadi ya hatua, husimama. Akiambiwa "geuka kidogo", husimama. Ndani ya dakika tano watoto hugundua wenyewe kwamba "kidogo" si kipimo, jambo ambalo tunawahubiria mwaka mzima bila mafanikio.

Mraba huwa rahisi: mbele hatua 6, geuka kulia nyuzi 90, rudia mara nne. Kisha waambie wachore pembetatu pande sawa. Karibu kila kundi litaamuru: mbele hatua 6, geuka kulia nyuzi 60, rudia mara tatu. Kobe atatembea, na badala ya kurudi alikoanzia atajikuta upande wa pili wa uwanja, majivu yakiwa yamechora kitu kama bakuli. Hapo, ndugu mwanachuo, nakusihi ufunge mdomo. Waache wabishane. Mmoja atasema kobe amekosea hatua. Mwingine atasema tuendelee tuone, na wakiendelea mara tatu zaidi watapata umbo la pande sita, nao watashangaa lilikotoka. Hatimaye yuko atakayesimama penye kona, ajigeuze taratibu, na kutambua kwamba pembe iliyomo ndani ya pembetatu si ile anayogeuka yeye. Ya ndani ni 60. Anayogeuka ni 120. Na mtu akilizunguka umbo lolote la namna hii akarudi alikoanza akitazama alikotazama mwanzo, amegeuka nyuzi 360 kwa jumla: mara nne 90, mara tatu 120, mara sita 60. Mtoto aliyelipata hili kwa miguu yake halisahau. Mimi nililisoma chuoni kwa kukariri, nikalisahau mara mbili.

Atauliza mtu: mtoto atageukaje nyuzi 120 penye vumbi? Chora uso wa saa kwa kamba na kijiti. Kila nafasi kati ya namba na namba ni nyuzi 30, kwa hiyo kutoka 12 hadi 4 ni 120. Taja namba iliyoandikwa, wala usitaje saa tunayoisema, maana mshale ukiwa penye 4 kwetu ni saa kumi, na darasa lako litavurugika.

Baada ya uwanja, maagizo yaandikwe daftarini kwa Kiswahili, kila agizo mstari wake. Ndipo tuingie kwenye mashine, nami nitachukua mfano mmoja tu na kukaa nao: bendera ya Taifa, ambayo tumekuwa nayo tangu mwaka 1964, na ambayo kila mtoto anaifahamu lakini ni wachache wanaoichora sawasawa.

Michoro ya vekta ina lugha yake ya kawaida iitwayo SVG, iliyoidhinishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, mwaka 2001. Ni maandishi matupu. Waweza kuyaandika katika programu yoyote ya kuandikia, na kivinjari kile kile cha kusomea intaneti kitayageuza kuwa picha, hata kama mahali ulipo hamna mtandao. Ukiwa na kompyuta, iko programu ya bure ya kuchorea iitwayo Inkscape, iliyoanza mwaka 2003. Humo waweza kuchora kwa kipanya, kisha ukafungua dirisha la pembeni na kuona maagizo ambayo mashine imekuandikia. Ukibadilisha namba moja katika maagizo, umbo hubadilika mbele ya macho yako. Kwa mwalimu dirisha hilo lina thamani kuliko vifungo vyote vya rangi, ingawa wanachuo huliona la mwisho.

Bendera yetu ina urefu wa tatu kwa kimo cha mbili, basi tuchukue fremu ya upana 72 na kimo 48. Agizo la kwanza ni mstatili unaojaza fremu nzima, rangi ya buluu. La pili ni pembetatu ya kijani, iliyo juu upande wa mlingoti, nayo huandikwa hivi: M 0 48 L 0 0 L 72 0 Z. Herufi M husema "hamia" bila kuchora, L husema "chora mstari hadi", na Z husema "funga umbo". Namba mbili mbili ni mahali pa kila nukta: ya kwanza ni umbali kutoka ukingo wa kushoto, ya pili ni umbali kutoka ukingo wa juu. Agizo la tatu ni mstari wa mshazari, M 0 48 L 72 0, wa rangi ya njano, na kwa zoezi hili tuupe unene wa 19. La nne ni mstari ule ule, herufi kwa herufi, lakini mweusi na wenye unene wa 13. Kwa kuwa mweusi umelala katikati ya njano, kila upande hubaki utepe wa njano wa 3. Sehemu zinazotokeza nje ya fremu hukatwa zenyewe. Maagizo manne, na bendera imekamilika; hakuna aliyetakiwa kuwa na kipaji.

Angalia tena yale maneno "kutoka ukingo wa juu". Hapo pana mtego uliowanasa wanachuo wangu wote siku ya kwanza. Sisi katika Hisabati tumezoea kwamba sifuri iko chini kushoto na namba za wima hukua kwenda juu. Mashine huanza juu kushoto, na namba za wima hukua kwenda chini, kama mtu anavyoandika barua. Wanachuo walipotumia mazoea ya daftari la grafu, bendera ilitokea imepinduka: kijani kimelala chini na mshazari unashuka kutoka mlingotini. Mmoja wao alidai mashine ni mbovu. Nami nasema mtego huu tusiuondoe njiani mwa mwanafunzi. Anayeelewa kwamba mahali pa sifuri na mwelekeo wa kuhesabu ni mapatano ya watu ameielewa grafu kwa undani kuliko yule aliyeikuta imechorwa tayari kitabuni.

Mpangilio wa maagizo nao una fundisho. Ukiutanguliza mstari mweusi kabla ya njano, mweusi hupotea, maana mashine hupaka rangi juu ya rangi kwa zamu. Wachoraji wetu wa Tingatinga wanalijua jambo hili tangu siku za Edward Said Tingatinga mwenyewe, aliyefariki mwaka 1972: mandhari hutangulia, mwili wa mnyama hufuata, madoa huja juu yake. Mwambie mtoto akuandikie chui kwa maagizo, utaona kama ameelewa.

Niongeze jambo dogo kuhusu herufi, kwa sababu linaunganisha uwanja na mashine. Herufi kubwa L hutaja mahali penyewe. Herufi ndogo l hutaja mwendo kutoka hapo ulipo. Ni tofauti ya kumwelekeza mgeni kwa namba ya nyumba, na kumwelekeza kwa kusema: kutoka sokoni nenda hatua mia, pinda kulia penye mwembe. Sisi huku Babati twaelekezana kwa njia ya pili, na ndiyo njia ya kobe. Mistari iliyopinda nayo ina agizo lake, lililotokana na kazi ya Wafaransa wawili waliobuni miili ya magari, Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault. Katika umbo lake linalotumika zaidi hutaja nukta nne: mwanzo, mwisho, na mbili za kati ambazo huuvuta mstari kama sumaku bila wenyewe kuzifikia. Mgongo wa kiboko wa Ziwa Babati waweza kuchorwa kwa agizo moja la namna hiyo, lakini hilo si la wiki ya kwanza.

Nije kwenye mapambo, ambako nina ugomvi na wanachuo. Katika lugha hii umbo ni kitu kimoja na vazi lake ni kitu kingine. Umbo ni zile nukta. Vazi ni rangi ya kujaza ndani, rangi ya mstari, unene wake, na kama ni mzima au wa vipande. Mfano tunao nyumbani. Kanga ina pindo, mji na jina. Mchoro ule ule wa mji waweza kuchapwa kwa nyekundu mwaka huu na kwa zambarau mwaka ujao, na mama mnunuzi atautambua kuwa ni ule ule. Mwalimu na awaulize watoto: kipi kimebadilika na kipi hakikubadilika? Swali hilo ni la Hisabati kabisa. Pembetatu iliyotiwa njano haijaongeza hata uzi mmoja.

Maneno mawili ya vazi yatakayokutana nawe kwanza ni fill, yaani jazo la ndani, na stroke, yaani mstari wa ukingo. Liko pia jambo zuri ambalo naliita sare. Badala ya kulivisha kila umbo peke yake, waandika kanuni moja yenye jina, na kila umbo lenye jina hilo huvaa kanuni hiyo. Ukitaka pembetatu zote arobaini ziwe za kijani badala ya buluu, wabadilisha neno moja. Mtoto aliyevaa sare ya shule hahitaji kuelezwa zaidi.

Ugomvi wangu ni huu. Mwanachuo akishajua kupaka rangi, husahau kupima. Nimeona zana za kufundishia zenye vivuli, maua pembeni, na rangi saba, ambazo ndani yake duara si duara. Kwa hiyo wanaosoma kwangu huwakataza rangi kwa majuma mawili ya kwanza: mstari mweusi mwembamba, jazo hakuna. Wananung'unika. Wengine huniona mzee mkavu. Lakini umbo lisilo na vazi halina pa kufichia kosa, na mwanachuo hujifunza kuliona. Rangi zitakapofika zitakuja na somo lake pia, maana kompyuta huchanganya mwanga wala haichanganyi wino: nyekundu na kijani zikiwaka kwa ukamilifu, kila moja 255, huleta njano, jambo ambalo mtoto aliyechanganya rangi za maji hatakubali mpaka alione.

Faida nyingine huonekana katika kurudia. Simama mbele ya karakana ya fundi vyuma yeyote katika mji wetu anayetengeneza nyavu za madirisha. Fundi hachori dirisha zima. Huchora ua moja kwa chaki sakafuni, huhesabu nafasi, kisha hukata vyuma vinane vya kipimo kimoja na kurudia. Maagizo ya kompyuta nayo huweza kurudiwa mara nane au mara mia. Katika lugha ya Python, ambayo ni ya bure na ina kobe wake mwenyewe, mistari michache ya maagizo yatosha kutengeneza karatasi arobaini za zoezi, kila moja ikiwa na pembe yake tofauti, ili mtoto asiweze kunakili jibu la jirani bali alazimike kupima. Mwalimu mwenye darasa kubwa ajua thamani ya jambo hilo.

Wako watakaonipinga, na baadhi yao wamekwisha kunipinga katika chumba cha wakufunzi. Wa kwanza husema shule zetu hazina vifaa. Ni kweli kwamba nyingi hazina chumba cha kompyuta. Lakini sehemu kubwa ya niliyoyaeleza yahitaji majivu na kamba. Tena, mwishoni mwa mwaka 2022 vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi vilianza kugawiwa walimu wa shule za umma. Kishikwambi kimoja chenye programu ya kuandikia na kivinjari chatosha kuonyesha bendera ile ya maagizo manne. Ninavyoona, vingi hutumika kupiga picha za matukio na kupokea ujumbe wa ofisi. Si dhambi, ila ni sawa na kununua ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya samadi.

Wa pili husema maneno ya maagizo ni ya Kiingereza, na mtoto wa darasa la tano atayashindwa. Nakubali kwamba ni kikwazo, na ndiyo sababu nasisitiza maagizo yaandikwe kwanza kwa Kiswahili na kutekelezwa na kobe wa miguu miwili. Yakishaeleweka, maneno kumi au kumi na mawili ya mashine hujifunzwa kama alama, jinsi tunavyojifunza alama za kujumlisha na kugawanya bila kuuliza zimetoka kwa nani. Yaandikwe kwenye manila na kutundikwa ukutani pamoja na maana zake.

Wa tatu husema tutaiua sanaa, kwamba mtoto lazima achore kwa mkono huru. Huyu namheshimu kuliko wote, na sina jibu kamili kwake. Nisingependa kuona shule ambayo mtoto hachori mbuzi wa nyumbani kwao kwa penseli, mbuzi mwenye miguu mitano ikibidi. Ninachosema ni kwamba mchoro wa kufundishia vipimo ni mchoro wa aina nyingine, wenye wajibu mwingine: ni lazima ustahimili kipimapembe cha mtoto.

Nimalizie habari ya mwanachuo wangu, kwa kuwa nimemsema vibaya asipokuwepo. Baada ya majuma mawili alirudi katika darasa lile lile la tano na pembetatu nyingine. Hii aliiandika mwenyewe: nukta tatu, kitako 60, kimo 52, mstari mweusi wenye unene wa sentimita 1, bila jazo. Aliichapa katika karatasi za kawaida, akaziunga kwa gundi. Kingo zilikuwa safi. Akamwita msichana yule yule, naye akapima pembe zote tatu, akasoma 60, 60 na 60, akarudisha kipimapembe mezani. Lakini hakwenda kukaa. Akachukua rula ya ubao akapima kitako kutoka ncha hadi ncha, akasema, "Mwalimu, ulisema sitini. Hii ni sitini na moja na nusu na kitu." Mwanachuo akamwambia apime tena, safari hii kwa ndani ya mstari. Akapima, akapata 58 na kitu.

Mstari wa kompyuta huvishwa pande zote mbili za njia yake, nusu nje, nusu ndani, na wino ule wa sentimita moja ndio uliokuwa umeongeza na kupunguza. Mwanachuo alilijua hilo. Tulikuwa tumelisoma pamoja. Ila kabla hajafungua kinywa, msichana akauliza, "Sasa pembetatu yenyewe ni ya nje au ni ya ndani?" Mvulana mmoja akajibu ni ya nje, kwa sababu ndiyo inayoonekana. Mwingine akasema ni ya katikati, lakini ya katikati haionekani, basi iko wapi? Darasa likagawanyika. Mwanachuo akanitazama kule nyuma akitaka msaada, nami nikainamisha kichwa nikajifanya naandika.